Bibi wa Mtungi na Simu Yenye Homa

Anayetaka kunibishia aanze sasa hivi, nimmalize mapema. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya na mikono yangu hii inayoshika usukani, na wala hayakunipata usiku. Mmezoeshwa kwamba mambo haya hutokea giza limeingia, bundi analia, mbwa wanabweka. Nani kawaambia? Sisi tuliokulia Kiegei tulikatazwa kucheza nje jua likiwa utosini. Mama zetu walituita ndani, wakasema saa hiyo njia si yenu, ina wenyewe. Mimi nilidhani wanataka tulale ili na wao wapumue. Kumbe!

Mimi ni dereva. Ndiyo, mwanamke, na msianze. Kigari changu cheupe kinajulikana Nachingwea nzima: kinabeba maharusi, kinabeba wagonjwa, kinabeba ufuta, kikibidi kinabeba na mbuzi. Kiyoyozi chake kilishakufa siku nyingi, lakini urembo ninao. Wakati ule dashibodi yote niliivika manyoya mekundu, na katikati ya kioo cha mbele nilibandika holda ya simu, ili kila abiria aone kwamba huyu mama anakwenda na wakati. Simu yenyewe nilikuwa nimeivalisha kava nene la mpira lenye maua. Halafu chaja ya gari haikutoka, asubuhi mpaka jioni. Nilijiona nimemaliza.

Sasa sikilizeni. Binti yangu Shufaa ameolewa Matambarale, upande wa Ruangwa, na kijana mmoja anaitwa Hamisi. Hamisi alihangaika kidogo kutafuta dhahabu Namungo, akachoka na mashimo, akarudi kwenye mikorosho ya baba yake. Mwaka huo Shufaa alikuwa na mimba ya kwanza. Nesi wa kliniki alimwambia wazi: presha yako inapanda, usithubutu kujifungulia nyumbani. Tukapanga aje mapema akae karibu na hospitali. Lakini msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, wao wamehamia kwenye kibanda cha shambani kuokota na kulinda, na kila nikimsema ananiambia bado siku zipo, mama. Watoto wa siku hizi! Mimba ndiyo inayojua siku zake, si wewe.

Basi siku hiyo nimetoka sokoni Nachingwea, nimenunua samaki wa kumpikia supu, nimewatia kwenye deli la barafu, simu ikalia, ujumbe umeingia. Ni Hamisi. Ameandika: shikamoo mama, Shufaa hajisikii vizuri, naomba uje na gari. Chini yake akanitumia ramani ya mahali walipo. Basi.

Hajisikii vizuri! Lazima niwaeleze jambo hili, msije mkamlaumu kijana wa watu. Kwetu sisi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazungumzii mambo ya tumbo. Hatuli sahani moja. Akiniona njiani anakaa pembeni, anaangalia majani mpaka nipite. Hamisi ana adabu mpaka inaudhi. Kuniandikia kwamba uchungu umemshika mke wake ingekuwa sawa na kuvua shati mbele yangu. Lakini mimi ni mama, nilisoma yale ambayo hakuandika. Pikipiki pekee ya karibu nao ilikuwa imepeleka magunia ya korosho mnadani. Nikatia gari moto, na samaki wangu huko nyuma.

Ruangwa mjini nilipita kama sikuiona. Baada ya hapo lami ikaniacha, nikaingia barabara ya vumbi, kisha njia za mashambani. Mnaijua mikorosho? Kushoto mikorosho, kulia mikorosho, kila njia panda ni pacha wa mwenzake. Kibanda chao nilikuwa sijawahi kufika. Nilichokuwa nacho ni ile ramani tu, na yule dada wa ndani ya simu anayesema kata kulia, kata kushoto.

Na jua, jamani. Lile jua la kabla ya mvua, mnalijua. Limeingia kwenye kioo cha mbele, limelala juu ya manyoya yangu mekundu, na simu iko katikati, mwanga wake nimeupandisha mpaka mwisho, chaja inaingia, ramani inakimbia, na lile kava la mpira limeikumbatia. Kwanza kioo chake kikafifia chenyewe. Nikakigonga kwa kidole. Kikaandika kwamba simu imepata joto sana. Kisha dada akasema kata, akakatika hapo hapo kabla hajamaliza, na simu ikawa nyeusi tii.

Nilisimamisha gari kwenye njia panda, chini ya mkorosho mkubwa. Nikaichomoa ile simu, nikaiachia hapo hapo. Ilikuwa ya moto kama kikaango! Nikapiga honi, sijui nilikuwa namwita nani. Nikapiga kelele, Shufaa! kana kwamba atanisikia. Niaminini, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo nililia. Mtoto wangu yuko mahali fulani kwenye mikorosho ile, presha inapanda, na mimi mama yake nimesimama njia panda sijui niende wapi.

Koo likakauka. Nilipogeuka nikaona mtungi. Umekaa chini ya ule mkorosho kwenye kigoda cha mchanga, umefunikwa kifuniko, na kata imelazwa juu yake kifudifudi. Wa umri wangu wanaelewa. Zamani mtu akifiwa aliweka mtungi wa maji kando ya njia, sadaka kwa wapita njia, na anayekunywa anamwombea marehemu hata kama hamjui. Mimi sikumbuki mara ya mwisho kuuona mtungi wa namna hiyo. Nikachota, nikanywa. Maji yalikuwa baridi, matamu, yana harufu ya udongo uliofukizwa. Nikarudisha kata kifudifudi kama nilivyofundishwa, nikasema, Mungu amrehemu mwenye maji haya.

"Amina," mtu akaitikia nyuma yangu.

Nikageuka. Bibi mmoja amesimama, kanga mbili zimefifia mpaka maandishi hayasomeki, mgongo umenyooka. Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni la kizamani, kama wale nyanya wa mama yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa Kiswahili chepesi kilichochanganyika na Kimwera, cha wale wazee ambao Kiswahili walikutana nacho sokoni. Nikadhani ni mwenye shamba. Kitu kimoja tu nilikiona na sikukitilia maanani: miguu yake, pamoja na vumbi lote lile, ilikuwa safi.

Sikuwa na muda wa mazungumzo. Wazo lilikuwa limenijia kwamba nina barafu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasukuma samaki pembeni, nikaishika simu kwa upindo wa kanga yangu niizamishe mle ndani. Mkono ukanidaka. Baridi yake sijui niifananishe na nini. Haikuwa baridi ya barafu, ilikuwa baridi ya mtungi ule.

"Mjukuu, unataka kumuua?"

"Bibi, hii ni simu tu."

"Naona. Ana homa."

Nikataka kucheka, nikashindwa, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Akaniambia mwenye homa hatumbukizwi kwenye maji ya baridi ghafla. Akaangalia chini. Akasema, "Wangu nilimtia kwenye maji ya kisima, yale ya alfajiri. Nilidhani namsaidia."

Kisha akaanza kazi, na amri zikatoka. Mvue nguo huyo. Nikaivua lile kava la maua. Akaona waya wa chaja unaning'inia pale mbele, akauliza, na kile? Nikamwambia ndicho anachonyonyea, bibi. Akatikisa kichwa, "Unamshindilia chakula, anakimbia, jua linamchoma, na umemfunika blanketi. Wewe umezaa kweli?" Haki ya Mungu, ndivyo alivyoniambia! Mimi, na watoto wangu wanne! Akaipokea simu kwenye viganja vyake viwili, akakaa kivulini, akawa anaipepea polepole kwa ncha ya kanga, huku ananong'ona kitu ambacho sikukisikia vizuri. Nilisikia kama wimbo wa kubembelezea.

Na simu ikawaka. Sikuiwasha mimi. Iliwaka yenyewe mkononi mwake, na yule dada akaendelea pale pale alipoishia: kulia.

Nikamshukuru, nikanyoosha mkono niichukue niirudishe kwenye holda. Akanitazama kama mtu aliyeona ujinga. "Unamrudisha kule kule juani? Twende, nitampakata." Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi. Basi tukaenda. Simu iko mapajani mwake, chini ya kivuli cha mlango, upepo wa dirishani unaipita. Dada akisema kata kushoto, bibi anamjibu, "Binti huyu hasemi uongo, lakini njia hiyo ina mchanga, pita huku." Tunapita huku. Dada anajipanga upya, anakubali. Nimeendesha magari miaka mingi, sijawahi kuona mtu akibishana na ramani na ramani ikamtii.

Simu ikaita. Hamisi. Mimi mikono yote iko kwenye usukani, njia ina makorongo. Nikamwambia bibi abonyeze pale penye kijani. Akabonyeza, na sauti ya mkwe wangu ikajaa garini, inatetemeka, "Shikamoo mama, samahani mama..." Adabu haikumruhusu kuendelea.

Bibi akacheka, "Mume wangu, mimi si mama mkwe wako. Mimi ni mkeo wa zamani. Sema yote, huyu mwenye gari hana masikio leo, ana macho ya njia tu."

Mnajua utani wa bibi na mjukuu. Kijana alifunguka kama gunia lililokatwa kamba. Kwamba uchungu umemshika tangu alfajiri. Kwamba chupa imepasuka. Kwamba kichwa kinamuuma sana na anasema anaona maluweluwe. Mimi pale niling'ata mdomo mpaka nikasikia ladha ya damu. Lile la maluweluwe nesi alishatuambia: likitokea, hospitali, hakuna kungoja. Na mkwe wangu asingeniambia mimi hata dunia ikipinduka. Bibi wala hakubabaika. Akamwambia wamlaze kitandani kwa ubavu wa kushoto, wambebe juu juu mpaka penye kichuguu kikubwa, wamweke kivulini, kwa sababu kutoka pale kwenda kibandani gari lingezama mchangani. "Tunakuja," akasema. Akasema tunakuja, sikilizeni hilo.

Tulikuta kichuguu, na chini ya kivuli chake Hamisi na majirani wawili na kitanda cha kamba, na mtoto wangu juu yake. Niliruka hata mlango sikufunga. Tukampakia nyuma. Nikakimbilia mbele nimwombe bibi akae vizuri Hamisi apate nafasi.

Kiti kilikuwa kitupu. Simu imelazwa juu yake kifudifudi, kama kata. Na pale alipokuwa amekaa palikuwa na alama ya maji, duara, kama inayoachwa na mtungi ukiunyanyua chini.

Hamisi alinitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniuliza, "Mama, bibi yuko wapi?" Kama ningekutana naye mimi peke yangu ningesema ni jua. Lakini huyu kijana alizungumza naye! Na bibi alimwita mumewe! Nikamjibu, panda gari. Nilichukua ile simu, ilikuwa baridi, nikaiweka mapajani, nikaondoka. Nilisoma kila sura ninayoijua, na kwenye makorongo nikarudia.

Hospitali ya Ruangwa walimpokea mbio. Sitawazungusha: Shufaa mzima, na mtoto wa kike mzima, ana sauti ya kumwamsha mganga wa zamu. Nesi alitoka akaniambia tumefika kwa wakati wake. Nikakaa chini barazani, nikalia tena, sasa kwa raha. Samaki niliwasahau kabisa, na harufu yao ilinikumbusha kesho yake.

Jioni ile ile akaja mama yake Hamisi. Tumekaa naye barazani, nikamsimulia kama ninavyowasimulia nyie. Nilipofika kwenye njia panda akaacha kumenya chungwa. Nilipofika kwenye tundu la ndonya akaliweka chungwa chini.

Akasema, huyo ni Bi Somoe. Yeye mama Hamisi alimwona akiwa bado msichana mdogo. Bi Somoe alikuwa na mtoto mmoja tu, mtoto akashikwa na homa, mama akakimbia naye kisimani alfajiri, akamtumbukiza. Alipomwinua hakuwa naye tena. Watu walimwambia homa ile ingemchukua kwa vyovyote, hakusikia la mtu. Akaweka mtungi pale njia panda, sadaka ya mtoto wake, akaujaza kila kukicha mpaka na yeye akafa. Baadaye magari yakaja, watu wakawa wanapita na chupa zao za maji, hakuna wa kusimama wala wa kuomba dua. Ng'ombe wakauvunja. Mama yake Hamisi akanishika goti, akaniuliza, "Mkwe, ule mtungi ulivunjika mimi sijaolewa. Wewe ulikunywa maji ya nani?"

Mtoto alipotoka arobaini tulikwenda wote. Chini ya ule mkorosho kulikuwa na vigae tu, nyasi zimeota katikati. Tukaweka mtungi mpya tulioununua kwa mfinyanzi, Hamisi akamimina maji ya kwanza, tukanywa, tukaomba. Nilitega sikio. Hakuna aliyeitikia isipokuwa sisi, na nikafurahi, maana nadhani amepumzika.

Mjukuu wangu anaitwa Somoe. Baba yake anamwita mke wangu, na Shufaa anajifanya ana wivu. Na Hamisi na adabu zake hajabadilika. Akiwa na neno la kuniambia anamwambia mtoto: Somoe, mwambie bibi yako chakula kiko tayari. Nami namjibu: Somoe, mwambie mumeo nimesikia. Mtoto anatutazama wote wawili kama wendawazimu. Tunaelewana vizuri sana.

Na simu? Hii hapa. Tangu siku ile haijapata joto. Jua likifika utosini, wakati simu za wenzangu zinazima kwenye vioo, yangu inatoa jasho kwa nje, vitone vidogo, kama mtungi. Fundi simu wa Nachingwea ameifungua, ndani kukavu kabisa. Alinirudishia kwa ncha za vidole na hataki kuiona tena. Abiria wengine hawaigusi, na mimi siibadilishi kwa mpya hata mkinipa bure. Manyoya mekundu nilikwishayatoa. Holda nimeihamishia chini, penye kivuli na upepo wa dirisha, kava nalivua safari za mchana, na nikifungua ramani sichomeki chaja. Haihitaji, najua. Lakini nimefundwa, na aliyefundwa hafanyi jeuri.

Haya, na nyie mnaocheka, shikeni hili. Ukipita njia ya Matambarale ukaona mtungi, simama, hata kama una maji yako. Kunywa, laza kata kifudifudi, mwombee mwenye maji. Ukiitikiwa, usikimbie, mfungulie mlango. Na simu yako ikiwaka moto, ole wako uitie kwenye barafu. Itoe juani, ivue, iachishe chaja, ipepee taratibu. Kuna mama aliyejifunza hayo, na hakujifunzia kwenye simu.